Ukakamavu wa singa moja ya mkonge: kwa nini moduli inabadilika kila nikibadili urefu wa sampuli?

Mtafuta_Singa ameuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu singa za mkonge, zile ambazo mafundi wa dari za jipsamu huziita katani. Kabla sijaingia kwenye hesabu za ubao wenyewe wa jipsamu unaochanganywa na singa hizo, nataka kujua moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, ya singa moja moja. Singa nilizo nazo zimetoka Korogwe. Zimepita kwenye korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge, zikaanikwa na kupigwa brashi kama kawaida. Kila singa ninaigandisha kwa gundi ya epoksi juu ya fremu ndogo ya karatasi ya manila iliyokatwa dirisha katikati. Ninaibana fremu kwenye vibanio vya mashine ya kuvuta, kisha ninakata pande zake mbili kwa mkasi ili kani yote ibebwe na singa peke yake. Kipenyo ninakisoma kwa hadubini, na kiasi cha kurefuka ninakichukua kutoka kwenye mwendo wa kichwa cha mashine.

Nilitengeneza madirisha ya urefu wa aina tatu, na kwa kila urefu nikavuta singa 20. Wastani wa moduli kwa dirisha la milimita 10 ulikuwa GPa (gigapaskali) 7.4, kwa milimita 20 ukawa GPa 9.9, na kwa milimita 40 ukapanda hadi GPa 11.9. Singa zote ni za fungu moja, na eneo la mkato lilikuwa wastani wa milimita mraba 0.0284 katika makundi yote matatu, nikichukulia kwamba mkato ni wa duara. Moduli ni tabia ya kitu chenyewe na haipaswi kujua nimekata kipande kirefu au kifupi, kwa hiyo mojawapo ya mambo mawili ni kweli: ama singa za mkonge hazifuati sheria niliyofundishwa, ama ninapima kitu kingine nisichokijua.

Msimamizi wangu amenishauri nitafute njia ya kupima kwa mwanga, yaani kwa kamera au leza, lakini maabara yetu haina kifaa cha namna hiyo kilichonunuliwa tayari. Je, kamera itanisaidia kweli, au nitakuwa nimeongeza kazi tu? Na kama nitaitumia, ni mambo gani hasa ya kuyaangalia?

Mzee_wa_Mizani amejibu:

Marahaba, mwanangu. Ondoa hofu, singa zako hazina ajabu yoyote, na namba zako ni nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu zinakosea kwa utaratibu.

Kichwa cha mashine kinapopanda, mwendo unaousoma ni jumla ya mambo mawili. La kwanza ni kurefuka kwa singa yenyewe. La pili ni kulegea kwa kila kitu kilichopo kati ya singa na kichwa hicho: kipima kani, ambacho nacho kinapinda kidogo ndiyo maana kinaweza kupima, vibanio vyenyewe, karatasi ya manila, na tone la gundi ambalo singa inalivuta kutoka ndani. Hayo yote nayaita ulegevu wa mashine. Ulegevu huo hauongezeki ukiongeza urefu wa dirisha, lakini kurefuka kwa singa kunaongezeka, na ndiyo maana dirisha fupi ndilo linalodanganya zaidi.

Nimezichukua namba zako na kuzifanyia hesabu hapa mezani. Ukigawa 1 kwa kila moduli uliyoipata, unapata 0.135, 0.101 na 0.084. Ziweke hizo kwenye mhimili wa wima, na kwenye mhimili wa mlalo uweke 1 iliyogawanywa kwa urefu wa dirisha, yaani 0.1, 0.05 na 0.025. Nukta tatu zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Uendeleze mstari huo kwa rula hadi uguse mhimili wa wima, mahali ambapo dirisha lingekuwa refu pasipo kikomo na ulegevu wa mashine usingehesabika kitu. Unagusa kwenye 0.067, na 1 ikigawanywa kwa 0.067 inakupa GPa 14.9. Mwinamo wa mstari nao, ukiugawa kwa eneo lako la mkato, unakuambia ulegevu wenyewe ni kiasi gani: karibu maikroni 24 kwa kila nyutoni 1.

Uone namba hiyo inavyouma. Ili kuirefusha singa ya dirisha la milimita 20 kwa nusu asilimia, yaani maikroni 100, unahitaji kani ya nyutoni 2 na ushei. Kwa kani hiyohiyo mashine yako inalegea maikroni 50. Wewe unasoma 150 na kuziandikia zote kwa jina la singa. Kwenye dirisha la milimita 10 hali ni mbaya zaidi, kwani nusu nzima ya ulichokisoma haikuwa singa.

Njia hii ya kuchora mstari siyo yangu. Kiwango cha ASTM C1557 kinachohusu kuvuta unyuzi mmoja kinaelekeza kitu hichohicho kwa umbo tofauti kidogo. Udhaifu wake ni kwamba inachukulia ulegevu kuwa ni mmoja kwa sampuli zote, ilhali tone la gundi la asubuhi na lile la jioni, mkono ukiwa umechoka, si sawa. Kwa hiyo msimamizi wako amekushauri vizuri. Kosa ulilolipata lilitokana na kuiangalia mashine badala ya singa, na dawa yake ni kuiangalia singa yenyewe.

Lenzi_na_Mwanga amejibu:

Naungana na mzee, na nitaeleza upande wa kamera kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Wazo lenyewe ni jepesi. Unaweka alama mbili kwenye singa, unaipiga picha mfululizo huku ikivutwa, kisha programu inatafuta kitovu cha kila alama katika kila picha na kukokotoa umbali kati ya vitovu hivyo viwili. Badiliko la umbali likigawanywa kwa umbali wa awali ndilo urefukaji wa singa, na hapo gundi, karatasi na kipima kani vinaweza kulegea vitakavyo bila kuingia kwenye hesabu. Kani bado unaisoma kwenye mashine. Kamera inachukua nafasi ya kichwa cha mashine tu.

Huhitaji kifaa cha bei kubwa. Kamera yenye pikseli 4,000 kwa upana, ikiwa na lenzi ya karibu inayoifanya pikseli moja ibebe maikroni 5, inaona milimita 20 za singa. Urefukaji wa nusu asilimia ni maikroni 100, sawa na pikseli 20. Kitovu cha alama kinatokana na wastani wa pikseli nyingi zilizo ndani ya alama na kingoni mwake, hivyo kinaweza kukadiriwa hadi sehemu ya kumi ya pikseli, ambayo ni maikroni 0.5. Kosa la maikroni 0.5 katika 100 ni nusu ya asilimia moja, na kwa zao la shambani kama mkonge kiasi hicho kinatosha kabisa.

Alama ziwe ndogo na zilizokolea. Mimi huchovya ncha ya sindano ya kushonea kwenye rangi nyeupe ya akriliki na kuigusisha singa mara moja tu chini ya lenzi. Ukirudia mara ya pili tone linakuwa bonge, na bonge linaikakamaza singa mahali hapo. Ziache alama zikae milimita 2 au 3 mbali na gundi, kwa sababu epoksi hutambaa juu ya singa kabla haijakauka, na sehemu iliyolowana gundi siyo singa tena bali ni mchanganyiko. Nyuma ya singa weka karatasi nyeusi, na taa iwe pembeni. Wengine hutumia njia ya kulinganisha mabaka ya uso mzima wa sampuli badala ya alama mbili. Kwenye bamba ni njia bora sana, lakini kwenye singa yenye upana wa pikseli 40 tu, inayojiviringisha kidogo inapovutwa, mabaka yanazunguka na kupotea upande wa nyuma, kwa hiyo sikushauri uanze na hiyo.

Sasa lipo jambo moja ambalo limewaangusha wengi, nami nikiwemo kwenye miaka yangu ya mwanzo. Kamera ya kawaida huona kitu kikubwa kikisogea karibu na kidogo kikisogea mbali. Singa ya mkonge haijanyooka. Inapoanza kuvutwa inajinyoosha, na inaweza kusogea milimita 0.1 kuielekea lenzi. Ikiwa lenzi iko milimita 100 kutoka kwenye singa, picha inakua kwa asilimia 0.1, na programu itakuandikia kwamba singa imerefuka asilimia 0.1 hata kama haijarefuka hata kidogo. Katika kipimo cha nusu asilimia, hiyo ni sehemu moja ya tano! Kuna lenzi maalumu za telesentriki ambazo hazikuzi kitu kwa kukisogelea, na kama chuo kinaweza kununua kifaa kimoja tu, basi kinunue hicho. Kama hakiwezi, tumia lenzi ya masafa marefu na uiweke mbali, kisha anza hesabu baada ya kuipa singa kani ndogo ya kuinyoosha, kwa mfano nyutoni 0.3, badala ya kuanzia sifuri.

Kabla hujaamini namba yoyote ya singa, vuta uzi wa gitaa wa chuma, ule mwembamba wa kwanza wenye kipenyo cha milimita 0.25 hivi. Chuma cha namna hiyo kina moduli ya karibu GPa 200. Kamera yako ikikupa 150 au 260, tatizo liko kwenye kamera na siyo kwenye mkonge.

Mtafuta_Singa amejibu:

Nawashukuru sana wote wawili. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka kurudi na majibu badala ya maswali.

Nilipata kamera ya kuazima na nikafuata maelekezo ya sindano na rangi nyeupe. Uzi wa gitaa ulinipa GPa 188 mara ya kwanza. Nikagundua kwamba kamera haikuwa wima sawasawa na uzi, nikaisimamisha kwa timazi, na mara ya pili nikapata 197. Baada ya hapo nikavuta singa. Kwa dirisha la milimita 10 wastani ni GPa 14.6, kwa milimita 20 ni GPa 15.2, na kwa milimita 40 ni GPa 14.8. Mzee alisema 14.9 kwa rula na karatasi ya grafu tu, na kwa kweli nilipoziona namba hizo tatu zikiwa zimekaa pamoja nilisimama kidogo nikaziangalia.

Lakini sasa limejitokeza lingine. Wastani umetulia, ila singa moja moja zimetawanyika mno: iliyo chini kabisa ina GPa 9 na iliyo juu kabisa ina GPa 22. Urefukaji ninauamini, na kipima kani nimekihakiki kwa mawe ya mizani. Je, mkonge ndivyo ulivyo, au bado kuna kosa?

Nyuzi_Ughaibuni amejibu:

Ndugu Mtafuta_Singa, hongera kwa kazi ya mikono iliyotulia. Mimi niko Ujerumani, ninapima nyuzi za kaboni na za kioo, na nimeufuatilia mjadala huu kwa hamu kwa sababu tatizo lako ni kinyume cha langu. Unyuzi wa kaboni wa kawaida una kipenyo cha maikroni 7 na moduli ya GPa 230. Mtu angedhani kitu kikakamavu hivyo ndicho kingeonewa zaidi na ulegevu wa mashine. Sivyo, kwa sababu ni chembamba mno: kwenye mashine yako yenye ulegevu wa maikroni 24 kwa nyutoni, unyuzi wa kaboni wa milimita 20 ungekosea kwa asilimia 1 tu. Singa yako ni laini mara 15 lakini eneo lake ni kubwa mara 700 na zaidi, kwa hiyo kwa ujumla inaivuta mashine kwa nguvu zaidi.

Naamini mtawanyiko wako unatoka kwenye eneo la mkato kwa sehemu kubwa. Moduli ni mkazo gawanya kwa urefukaji, na mkazo ni kani gawanya kwa eneo. Umeurekebisha urefukaji kwa uangalifu mkubwa, lakini eneo bado unalipata kwa kutazama upana wa singa kutoka upande mmoja na kuamini kwamba ni duara. Singa ya mkonge ni fungu la seli nyingi zilizogandamana, na mkato wake mara nyingi una umbo la figo au la kwato ya farasi. Humo ndani kila seli ina tundu lake katikati. Singa yenye upana wa milimita 0.24 upande mmoja na 0.16 upande mwingine, ukiiangalia kwa ubapa wake, utaiandikia eneo la milimita mraba 0.045. Kama mkato wake ungekuwa wa yai, eneo lingekuwa 0.030. Hapo umeshakosea kwa nusu nzima, na kosa lote hilo linaingia kwenye moduli.

Kuna njia ya leza ya kupima upana ambayo unaweza kuifanya leo. Elekeza leza kwenye singa iliyosimamishwa wima, na ukutani utaona mstari wa mlalo wenye vipande vya mwanga na giza. Mwanga unapopita kandoni mwa kitu chembamba hujipinda na kujichanganya wenyewe, na kadiri kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo vipande vinavyoachana. Upana wa singa ni urefu wa wimbi la leza mara umbali hadi ukutani, gawanya kwa nafasi kati ya giza moja na lingine. Kwa leza nyekundu ya nanomita 650 na ukuta ulio mita 3 mbali, singa ya milimita 0.2 itaacha nafasi ya milimita 9.75, pima nafasi kumi kwa pamoja ili kosa la rula ligawanyike. Kisha izungushe singa kwa digrii 30 kila mara na urudie, na utauona upana ukipanda na kushuka. Usiuangalie mwali kwa jicho, na ondoa saa na pete mkononi, kwa sababu mwali ukigonga chuma kinachong'aa hurudi popote.

Njia hii ina historia inayonifurahisha. Thomas Young, yuleyule ambaye moduli imepewa jina lake, mwanzoni mwa karne ya 19 alibuni kifaa alichokiita eriometa, ambacho kilipima unene wa nyuzi za sufu kwa njia hiyohiyo ya mwanga kujipinda. Mtu mmoja anahusika na pande zote mbili za hesabu yako.

Pamoja na hayo, sitaki uitegemee leza peke yake. Leza inaona kivuli, na kivuli hakioni bonde lililo ubavuni mwa figo wala tundu lililo ndani ya seli. Kwa kaboni na kioo, ambazo kwa kawaida ni za duara na hazina tundu, ninaiamini leza na kulala usingizi. Kwa mkonge tumia mizani. Kata kipande cha milimita 200 kutoka katikati ya singa, kwa kuwa kuelekea tako la jani singa hunenepa na kuelekea ncha hukonda. Kipime uzito kwenye mizani inayosoma hadi miligramu 0.1, kisha kutoka kwenye kipande hichohicho ndiyo utoe sampuli za kuvuta. Kikiwa na miligramu 6.8, hizo ni teksi 34, yaani gramu 34 kwa kila kilomita. Ukichukua densiti ya kuta za seli kuwa gramu 1.45 kwa sentimita ya ujazo, eneo ni milimita mraba 0.0234, na hilo ni eneo la nyama tupu bila matundu.

Mwalimu_wa_Mitetemo amejibu:

Naomba kuongeza njia moja kwa ajili ya wasio na mashine ya kuvuta kabisa. Bana singa upande mmoja ili milimita 40 zitokeze hewani, iguse kwa ncha ya kalamu iachie itetemeke, na irekodi kwa simu inayopiga picha 240 kwa sekunde. Singa ya duara yenye kipenyo cha milimita 0.2 na moduli ya GPa 15 itatetemeka karibu mara 56 kwa sekunde, na simu itaiona vizuri. Kutoka kwenye idadi hiyo unakokotoa moduli.

Ninaifundishia njia hii na inawapendeza wanafunzi, lakini kwa utafiti siipendekezi kwa mkonge. Urefu unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne, kwa hiyo ukikosea milimita 1 katika 40 umekosea asilimia 10 ya moduli, na singa yenye umbo la figo hutetemeka kwa kasi moja ikielekea huku na kwa kasi nyingine ikielekea kule. Tena inapima kupinda na siyo kuvutwa, na katika kupinda sehemu za nje za singa ndizo zinazobeba kazi kubwa.

Mtafuta_Singa amejibu:

Nimepima uzito kila singa kabla ya kuivuta. Wastani wa eneo umeshuka kutoka 0.0284 hadi 0.0235, na wastani wa moduli umepanda hadi GPa 18. Mtawanyiko nao umepungua; badala ya 9 hadi 22, sasa ni 14 hadi 21, isipokuwa singa moja ambayo nitaieleza hapa chini.

Nina maswali mawili. Kwanza, niandike GPa 15 au GPa 18 kwenye tasnifu? Pili, singa hiyo moja imetoa GPa 8. Nilirudia kuangalia picha zake na hazina kasoro, kwa hiyo nikaichukua mabaki yake nikayaweka chini ya hadubini. Kuna sehemu imebanjwa, bapa kama utepe, na seli zake zimeachana kwa mpasuko mrefu. Inaelekea ilipigwa vibaya na visu vya korona. Mwenzangu wa maabara anasema niitupe kwa sababu imeharibika. Nifanyeje?

Nyuzi_Ughaibuni amejibu:

Namba zote mbili ni za kweli, kila moja kwa eneo lake. GPa 18 ni ukakamavu wa kuta za seli, na GPa 15 ni wa singa kama inavyoonekana kwa nje, pamoja na matundu yake. Anayekokotoa ubao anatumia ujazo ambao singa inauchukua ndani ya jipsamu, na huo una matundu, kwa hiyo yeye anahitaji ile ya pili, ilimradi eneo la nje lipimwe kwa kuzungusha singa na siyo kwa upande mmoja. Andika zote mbili na useme waziwazi eneo ulilipataje. Ongeza na ya tatu isiyohitaji eneo hata kidogo: kani gawanya kwa teksi na kwa urefukaji. Kwa wastani wako itakuwa karibu nyutoni 12.4 kwa teksi, na mtu yeyote mwenye mizani anaweza kuirudia bila kubishana nawe kuhusu matundu.

Mzee_wa_Mizani amejibu:

Mwanangu, singa ile usiitupe. Ungeitupa kama kosa lingekuwa lako, kwa mfano kama ingechomoka kwenye gundi, au alama ingebanduka, au ungekuwa umeikunja ulipokuwa unaigandisha. Lakini kwa maelezo yako imetoka hivyo kiwandani, na fundi atakayechukua fungu la katani kutoka mzigo huohuo ataichanganya kwenye jipsamu pamoja na nzima bila kuijua. Ubao utaibeba. Iandike kwenye jedwali kama ilivyo, weka picha yake ya hadubini pembeni, toa wastani ikiwemo na wastani isipokuwemo, na msomaji ajionee mwenyewe.

Kisha rudi kwenye fungu lako, chukua singa 50 bila kuchagua kwa macho, uzipitishe zote chini ya hadubini kabla ya kuvuta hata moja, na uhesabu ni ngapi zimebanjwa namna hiyo. Na siku ya kuvuta, andika unyevu wa hewa ya chumba, kwa sababu mkonge hunywa maji ya hewa na kulainika. Singa ulizozivuta wakati wa kiangazi na zile utakazozivuta masika hutaweza kuzilinganisha kama hukuandika.

Mtafuta_Singa amejibu:

Nimekuelewa, mzee. Kipima unyevu nimeshakitundika kando ya mashine, na leo saa nne asubuhi kinasoma asilimia 71. Singa 50 naanza nazo kesho.